KUMTAYARISHA MZEE KABLA YA KUPASULIWA

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri



Halmashauri iliniagiza niseme machache juu ya msaada wa hospitali, ambao ndio sehemu kubwa ya kazi ya chama chetu. Kwa desturi karani husimama hapa, akasoma hesabu, akaketi. Hesabu mmekwisha kuzisikia kwa Bwana Mweka Hazina, nami sitazirudia. Nataka kusema juu ya jambo lisilo na safu yake katika daftari, nalo ni akili ya mzee anapopelekwa kupasuliwa.

Naanza kwa kusema wazi kwamba mimi si daktari. Niliyo nayo ni yale niliyoyasoma, na yale niliyowauliza madaktari na wauguzi katika safari zangu za kupeleka barua na malipo ya chama, na mengine niliyoyaona wodini kwa macho yangu. Mahali ambapo maneno yangu yatapingana na maneno ya daktari wa mgonjwa wenu, mfuateni daktari.

Sote twajua tunavyofanya mzee anapoambiwa kwamba hana budi kupasuliwa. Jamaa hukutana. Harambee huitwa. Hutafutwa kitambulisho, karatasi za bima, watu wa kutoa damu, na gari la kumpeleka. Mchungaji au shehe huja kuomba dua. Shamba hupata mtu wa kulitazama, na ng'ombe hupata mkamaji. Kila kitu hutayarishwa isipokuwa mzee mwenyewe, naye huketi pembeni akisubiri kupakiwa kama mzigo uliokwisha kulipiwa nauli. Kisha siku ya tatu baada ya upasuaji, kidonda ni kizuri, daktari ameridhika, na mzee hamjui mkewe.

Yuko mzee mmoja wa chama hiki ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake, mradi nisimtaje jina wala hospitali. Alifanya kazi ya reli kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alipasuliwa tezi dume, na upasuaji ukaenda vizuri. Usiku wa pili akaanza kuiona wodi kuwa ni behewa. Akawaamuru wagonjwa wenzake waonyeshe tikiti. Akaing'oa dripu, akasema treni imefika Voi naye anataka kushuka. Mchana alitulia, akazungumza kama ilivyo desturi yake, hata mwanawe aliyekuja saa ya kutazama wagonjwa akadhani kwamba wauguzi wamemsingizia baba yake. Jua lilipotua, treni ikaondoka tena.

Wauguzi wa usiku walikuwa wawili kwa wodi nzima. Wakamfunga mikono kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda, naye akazidi kupiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Nyumbani nako maneno yakaanza. Wengine walisema nusukaputi imemwingia kichwani ikakataa kutoka. Wengine walisema amerogwa, na kidole kikaelekezwa kwa mke mdogo, kwa kuwa ndiye aliyempikia uji wa mwisho. Na mmoja wa jamaa, sitasema ni nani, alikwenda hospitali na karatasi za shamba pamoja na pedi ya wino, akitaka mzee atie dole gumba kabla hajaharibika zaidi. Aliyemzuia ni muuguzi mmoja kijana, ambaye hakumjua mzee wala hilo shamba.

Siku ya tisa mzee aliamka akauliza leo ni siku gani. Akili ilikuwa imemrudia. Lakini mke mdogo alikuwa amekwisha kurudi kwao, na ilihitaji miezi kadhaa, na vikao vya wazee wawili walioketi mbele yangu sasa hivi, hata akakubali kurejea.

Ndugu zangu, hali iliyompata mzee huyo ina jina. Madaktari huiita deliriamu. Kwa lugha yetu twaweza kusema kuweweseka, ijapokuwa neno hilo twalitumia pia kwa mtu aotaye kwa sauti. Si wazimu, wala si laana. Tena si ule ugonjwa wa kusahau unaowapata wengine uzeeni polepole, mwaka hata mwaka. Deliriamu huja ghafula, kwa muda wa saa au siku chache, na huja ikiondoka. Asubuhi mtu yu mzima wa akili, jioni amepotea. Alama yake kubwa ni kwamba mgonjwa hawezi kukaza mawazo yake juu ya jambo moja. Mwambie azitaje siku za juma kinyume, kutoka Jumapili kurudi nyuma hadi Jumatatu. Mzee ambaye juzi angalizitaja huku akicheka, sasa atafika Ijumaa, kisha atakuuliza kama mbuzi wamefungiwa.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, maana jambo hili wengi hawalijui. Si kila mwenye deliriamu hupiga kelele. Wengi hunyamaza. Hulala macho nusu, hujibu kwa neno moja, hukataa chakula, na hukodolea ukuta. Jamaa hufurahi kwamba Baba amepumzika, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi humshukuru Mungu kwa kupata mmoja asiyesumbua. Huyo aliyenyamaza aghalabu ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa kuwa hakuna anayemwona.

Jambo hili si geni. Mwaka 1955 Dk. P. D. Bedford wa Oxford, Uingereza, aliandika katika jarida la Lancet juu ya wazee ambao akili zao zilipata madhara baada ya nusukaputi. Siku hizi madaktari wanajua kwamba dawa ya usingizi si mkosaji wa pekee. Ubongo wa mzee ni kama mtungi uliobakiwa na maji kidogo: kijana akimwaga kikombe kimoja hatambui, bali mzee hana akiba. Upasuaji huuchoma mwili mzima, na mwili huwaka kwa ndani. Juu ya hayo yaja maumivu, kiu, usiku bila usingizi, dawa ngeni, mpira wa mkojo, taa zisizozimwa, na watu asiowajua wanaosema lugha asiyoizoea. Kila kimoja huchota kidogo. Mtungi ukikauka, mzee huanza kukata tikiti.

Aliye katika hatari kubwa ni yule ambaye tayari alikuwa akisahau, asiyeona au asiyesikia vizuri, aliyekonda, aliyekuwa na maradhi mengi, anywaye pombe kila siku, na yule aliyeanguka akavunjika nyonga. Hao wa nyonga ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wote, kwa sababu ajali haitoi nafasi ya matayarisho, na wengi wao ni mama zetu.

Sasa nakuja kwenye habari njema, ambayo ndiyo sababu ya kusimama hapa. Madaktari waliolichunguza jambo hili hukadiria kwamba katika kila watu watatu ambao wangalipatwa na deliriamu hospitalini, mmoja au zaidi angaliweza kuepushwa. Na njia ya kumwepusha si mashine ya fedha nyingi. Nitawapa mifano mitatu.

Mwaka 1999 Dk. Sharon Inouye na wenzake walichapisha habari za kazi yao katika hospitali ya Yale-New Haven, Marekani. Waliwatazama wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hawa hawakuwa wa kupasuliwa, bali walilazwa kwa maradhi mengine. Nusu yao walitunzwa kwa desturi ya kawaida. Nusu nyingine walitembelewa na watu, wengi wao wa kujitolea, waliowakumbusha siku na mahali, wakawatembeza, wakahakikisha wana miwani na vifaa vya kusikilia, wakawapa maji, na usiku, badala ya kidonge cha usingizi, wakawapa kinywaji cha moto na kuwasugua mgongo. Katika kundi la kwanza asilimia 15 walipatwa na deliriamu. Katika kundi la pili, asilimia 9.9.

Mwaka 2001 Dk. Edward Marcantonio na wenzake wa Boston walieleza habari za wagonjwa 126 waliovunjika nyonga. Waliotazamwa kila siku na daktari wa wazee pamoja na mpasuaji wao, asilimia 32 walipatwa. Waliotunzwa kwa desturi, asilimia 50, yaani nusu nzima.

Mfano wa tatu ndio ulionifanya niombe nafasi katika mkutano huu. Mwaka 2020 zilichapishwa habari za hospitali iitwayo West China, katika mji wa Chengdu, nchini China. Wagonjwa walikuwa 281, wote wa kupasuliwa, wote wa miaka 70 na zaidi. Huko hawakutegemea watu wa kujitolea. Waliwafundisha jamaa za mgonjwa, yaani wale wale ambao wangekuwapo kitandani kwa vyovyote, namna ya kumkumbusha, kumlisha, kumtembeza na kumlaza. Katika waliotunzwa kwa desturi, asilimia 19.4 walipatwa na deliriamu. Katika wale waliohudumiwa na jamaa waliofundishwa, asilimia 2.6. Ni hospitali moja tu, na sitawaahidi kwamba kwetu hesabu itakuwa hiyo hiyo. Lakini naona China walitumia kitu ambacho sisi tunacho kwa wingi, nacho ni jamaa. Sisi jamaa zetu tunawasimamisha langoni na chupa ya uji hadi saa ya kutazama wagonjwa ifike.

Basi mzee atayarishwe vipi?

Kwanza, apate habari. Mzee huambiwa mambo ya mwisho kuliko watu wote, kwa kuwa watoto wanaogopa kumtisha. Aelezwe kwa lugha yake ya nyumbani kwamba atalazwa, kwamba ataamka na mpira mkononi na pengine mwingine wa mkojo, kwamba atasikia maumivu na dawa zipo. Aambiwe pia kwamba huenda akili ikayumba kwa siku chache, na kwamba jambo hilo likitokea hatacheka mtu. Mzee aliyeambiwa mapema hujikinga na aibu hata kabla haijaja.

Pili, jamaa wajue akili yake ilikuwaje kabla. Daktari akiuliza, “Je, hivi ndivyo alivyo siku zote?” watoto wanaoishi mjini hutazamana. Anayejua ni mjukuu anayelala naye nyumba moja, au mke, na huyo hakuletwa hospitali kwa sababu hajui Kiingereza. Huyo ndiye aletwe. Aseme kama mzee huhesabu fedha zake mwenyewe, kama hupotea njia, kama hurudia hadithi ile ile mara tatu kwa jioni moja.

Tatu ni dawa, na hapa nitakaa kidogo. Kusanyeni dawa zote anazotumia, mzitie mfukoni, mzipeleke kwa daktari wa upasuaji na yule wa usingizi. Nasema zote: za shinikizo la damu, za kisukari, zile alizopewa na jirani, na zile za mitishamba zilizo katika chupa isiyo na jina. Msione haya. Daktari anaweza kukasirika kidogo, lakini afadhali akasirike kabla ya upasuaji kuliko kushangaa baadaye. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza moyo, kama Valium, huleta deliriamu kwa wazee. Hata Piriton, ambayo sisi hununua dukani kwa mafua na kuwashwa kana kwamba ni peremende, ni dawa ya kuutia ubongo wa mzee ukungu. Wala msizikatishe wenyewe kwa ghafula, maana anayetumia vidonge vya usingizi kila siku, akivikosa siku moja, huweza kuweweseka kwa kuvikosa. Daktari ndiye apange.

Vivyo hivyo pombe. Wazee wangu, hapa nitasema kwa adabu. Mtu anywaye busaa, muratina au chang'aa kila jioni, akalazwa hospitali, pombe hukatika siku hiyo hiyo. Siku ya pili hadi ya nne huanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu ukutani, na hali hiyo yaweza kuua. Daktari akijua kabla, anayo dawa ya kuikinga. Lakini mzee akiulizwa mbele ya mchungaji na wakwe zake, “Wewe hunywa?” atasema hajaonja tangu abatizwe. Aulizwe faraghani, na aulizwe na rika lake. Kadhalika sigara na ugoro.

Nne ni kiu. Twaambiwa mgonjwa asile kitu tangu usiku, na sisi kwa bidii tunamnyima hata maji tangu adhuhuri. Kisha orodha ya wapasuaji hubadilika, zamu yake ikasogezwa hadi alasiri, na mzee amekaa siku nzima mdomo mkavu. Sheria wanayoifuata madaktari wa usingizi katika nchi nyingi ni kwamba chakula chepesi kikome muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, lakini maji matupu huruhusiwa hadi muda wa saa 2 kabla, isipokuwa kwa wagonjwa wenye sababu maalum. Chai ya rangi ni sawa na maji. Chai ya maziwa ni chakula, na wakamba, wakikuyu, waluo na waswahili sote hatuna chai nyingine, basi jihadharini. Ulizeni kwa uwazi, “Mwisho wa kunywa maji ni saa ngapi?” Na upasuaji ukiahirishwa, ulizeni tena.

Kama upasuaji una wiki kadhaa mbele, zitumieni. Atembee kila siku hata kama ni hadi mtoni na kurudi. Ale mayai, maharagwe, ndengu, samaki. Apimwe damu na sukari mapema.

Tano ni mfuko wake. Tunapomfungia mzee mzigo wa hospitali twaweka shuka, sabuni na sufuria, na miwani twaiacha nyumbani “isije ikaibwa.” Kifaa cha kusikilia twakifungia kabatini kwa kuwa ni cha thamani. Meno ya bandia yabaki kikombeni. Mzee huyo anaamka hawezi kuona, hawezi kusikia, hawezi kutafuna, halafu twashangaa kwamba hajui yuko wapi! Wekeni vitu hivyo, viandikwe jina, na viwe mikononi mwa mtu mmoja anayevirudisha mara mzee atokapo chumba cha upasuaji. Wekeni saa ya mezani yenye tarakimu kubwa, kalenda, na picha ya watu wa nyumbani. Kama husoma Biblia au Kurani, iwe ile ile aliyoizoea.

Juu ya nusukaputi nitasema neno moja tu, kwa sababu nimesikia ugomvi mkubwa katika jamaa, wengine wakishikilia sindano ya mgongo kwa imani kwamba haigusi akili. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, huko Marekani na Kanada. Nusu walipewa sindano ya mgongo, nusu wakalazwa usingizi. Deliriamu iliwapata karibu mmoja katika watano, pande zote mbili. Mwachieni daktari achague, na nguvu zenu mzitie katika mambo mengine.

Mzee akisharudi wodini, kazi kubwa ni ya mtu aketiye karibu naye. Amwite kwa jina alilozoea kuitwa. Amwambie, bila kumhoji kama mtoto wa shule, “Baba, leo ni Jumatano, uko hospitali, umepasuliwa jana, mimi ni fulani.” Dirisha lifunguliwe mchana, na usiku pawe giza na kimya kadiri iwezekanavyo. Aketishwe na kusimamishwa mara daktari aruhusupo, kwa kuwa kulala siku nzima huchanganya siku na usiku. Apewe maji kidogo kidogo. Aulizwe kama ana maumivu, na hapa wanaume tuna kasoro yetu: tulifundishwa jandoni kwamba mwanamume halii, basi tunasaga meno na kusema hatujambo. Maumivu yasiyotibiwa ni njia moja ya deliriamu. Atazamwe kama amepata choo, na kama mkojo unatoka.

Na kama pamoja na hayo yote ameanza kuweweseka, msingoje kesho. Mwambieni muuguzi wazi wazi, “Huyu si hali yake. Jana hakuwa hivi.” Maneno hayo yana nguvu kuliko kusema “Mzee anasumbua,” maana deliriamu mara nyingi ni mlio wa kengele: huenda mapafu au mkojo umeingia vijidudu, sukari imeshuka, hewa haitoshi damuni, au dawa fulani imezidi. Daktari akiitibu sababu, akili hupata nafasi ya kurudi. Msishindane naye. Akisema treni imefika Voi, mwambieni tutashuka pamoja asubuhi, sasa apumzike. Na msikubali afungwe mikono palipo na mtu wa kuketi naye, kwa sababu kufungwa huzidisha hofu na mapambano.

Wengi hurudiwa na akili kwa siku chache. Wengine ni wiki, hata miezi. Wako ambao hawarudi kabisa pale walipokuwa, na sitawaficha hilo.

Limebaki jambo la karatasi. Mimi kama karani limenikaa moyoni, kwa kuwa ni karatasi ninazoshughulika nazo kila siku. Mzee aseme mapema, akili ikiwa safi na mbele ya mashahidi, nani atakayesema kwa niaba yake akishindwa kusema, na yeye mwenyewe anataka nini. Kisha, tangu siku ya upasuaji hadi daktari aseme amepona akili, pasiwe na mtu wa kumpelekea hati ya shamba, kitabu cha benki, wala wosia. Chama hiki kisishuhudie wala kupiga muhuri karatasi yoyote iliyotiwa dole gumba wodini. Halmashauri imekwisha kulikubali pendekezo hili, na leo laletwa kwenu mlipigie kura.

Pendekezo la pili ni la zamu. Mwanachama mwenye umri wa miaka 65 na zaidi atakapolazwa kwa upasuaji mkubwa, chama kisimpelekee fedha tu. Kiwe na orodha ya watu wanne au watano, wenye kujua lugha yake, watakaopokezana na jamaa kuketi naye kwa siku tano za kwanza, hasa kuanzia magharibi hadi usiku wa manane. Nauli yao itoke katika Hazina, na Bwana Mweka Hazina amenihakikishia kwamba itatosha. Bwana Katibu ataandika barua kwa mkuu wa wauguzi wa kila hospitali tunayoitumia, kuomba ruhusa ya mtu mmoja kubaki baada ya saa ya kutazama wagonjwa. Wengine watakataa. Niliowauliza mimi, wawili walisema wangemshukuru sana mtu kama huyo, akiwa anakaa kimya na kunawa mikono.

Wako wazee walionong'ona, na wamenong'ona kwa haki, kwamba hii ni kazi ya watoto wa mtu, si ya chama. Ingekuwa hivyo kama watoto wote wangekuwapo. Wengine wako Mombasa, wengine Ghuba, wengine wako kazini kwa tajiri asiyetoa ruhusa zaidi ya siku ya mazishi. Waasisi wa vyama kama hiki walianza kwa kusafirisha maiti za wenzao hadi nyumbani, jambo ambalo nalo lilikuwa kazi ya watoto. Ikiwa twaweza kukesha na mtu aliyekwisha kufa, sioni kwa nini tushindwe kukesha na aliye hai.

Nimeweka daftari juu ya meza iliyo karibu na mlango, penye birika la chai. Ukurasa wa kwanza ni wa majina, lugha, na siku ambazo mtu anaweza kukaa. Ukurasa wa pili una mfano wa karatasi ya mzee, kila mmoja aichukue moja: jina aitwalo, lugha, dawa, miwani, masikio, meno, na yule anayemjua vizuri. Mama mmoja wa Tawi la Wanawake ataingia wodini Jumatatu kubadilishwa nyonga, naye ana miaka 78 na binti mmoja tu. Zamu ya Jumanne na ya Jumatano zimepata watu. Ya Alhamisi usiku bado iko wazi.